Fundi wa ujenzi mwenye miaka 27: je, bado naweza kuingia jeshini na kufika cheo cha afisa katika uhandisi?

FundiBarabara, Mbale

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Nina umri wa miaka 27 na nina stashahada ya uhandisi wa ujenzi kutoka chuo cha ufundi cha Elgon, hapa Mbale. Tangu nihitimu nimefanya kazi za mikataba mifupi katika barabara za wilaya: kusimamia umwagaji wa changarawe, kulaza makalavati, kupima miinuko na kuandika hesabu za vifaa. Kazi hizo nazipenda, ila baina ya mkandarasi mmoja na mwingine hupita miezi ambayo sina la kufanya, na kwa muda sasa nimekuwa nikitafakari kuhusu kujiunga na UPDF, jeshi la Uganda, nikiwa na shabaha ya kuwa afisa wa uhandisi.

Wenzangu niliosoma nao sekondari na wakaingia jeshini mapema, baadhi yao tayari ni masajenti. Mmoja wao aliniambia waziwazi kwamba anayeingia akiwa mtu mzima huishia kwenye vyeo vya chini, kwa kuwa muda wake wa kupanda unakwisha kabla ya ngazi kwisha. Mwingine alisema stashahada yangu haitanisaidia lolote, kwani nitapewa bunduki na kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabara kama askari mwingine yeyote.

Ningependa kusikia kutoka kwa waliopitia njia hiyo au wanaoifahamu kwa karibu. Je, aliyechelewa anaweza kufika uafisa? Na je, ni bora aingie kama kuruta wa kawaida, au asubiri mpaka apate sifa za kwenda moja kwa moja kwenye mafunzo ya kadeti, yaani ya uafisa?

MzeeMhandisi, Gulu

Kijana wangu wa Mbale, salamu.

Mimi ni kapteni mstaafu, na niliingia jeshini nikiwa na miaka 29, kwa hiyo swali lako nalijua kwa ndani. Ilikuwa mwaka 1989, jeshi likiwa bado linaitwa NRA na vyeo rasmi vikiwa vimetangazwa mwaka uliotangulia tu. Kabla ya hapo nilikuwa fundi mwashi niliyepanda hadi kusimamia kikosi cha mafundi wa madaraja madogo. Nilidhani nitapokewa kama fundi. Nilipokewa kama kuruta, nikanyolewa, nikakimbizwa pamoja na vijana wa miaka 18, na aliyekuwa akinifundisha kwata alikuwa mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Rafiki yako hakukudanganya kuhusu bunduki: mhandisi wa kijeshi ni askari kwanza, na asiyeweza kujilinda akiwa kazini huwa mzigo kwa wenzake. Alikosea aliposema kwamba ufundi wako hautahitajika.

Nitakueleza kwa nini. Kati ya mwaka 1992 na 1995 jeshi lilipunguza watu wake, na zaidi ya askari 36,000 wakarudishwa uraiani. Katika kikosi chetu walitangulia kuondoka waliokuwa na umri mkubwa na wasio na kazi maalumu, na mimi kwa umri nilikuwa miongoni mwa waliostahili kuwaza. Nilibaki kwa sababu nilijua kusoma ramani ya ujenzi, kukadiria saruji na nondo, na kutengeneza kivuko kinachoweza kubeba lori lenye mzigo. Wakati huo nilikuwa koplo. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kaskazini, vita dhidi ya waasi wa LRA vikiendelea, na hapo ndipo nilipojifunza nusu ya pili ya kazi hii, ile isiyofundishwa katika chuo chochote cha ufundi cha kiraia.

Mhandisi wa kijeshi ana kazi mbili zinazokinzana. Ya kwanza ni kuwawezesha wenzake wasonge mbele, yaani kufungua njia, kujenga vivuko, kutafuta maji na kusafisha mabomu ya kutegwa ardhini. Ya pili ni kumzuia adui asisonge, yaani kuchimba mahandaki, kuweka vizuizi na, ikibidi, kulivunja daraja ambalo pengine alilijenga mwenyewe. Katika kazi ya mabomu nilitambua kwamba cheo hakimkingi mtu. Unatambaa na kigunduzi cha chuma, unachokonoa udongo kwa pembe ya chini, unaweka alama, unasonga kidogo, na pembeni yako yupo kijana ambaye mkono wake unatetemeka na lazima umtulize bila kumwaibisha. Kazi ya namna hiyo haiharakishwi. Mabomu yaliyoachwa Ngomoromo na katika milima ya Agoro, mpakani na nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini, yalichukua miaka mingi hata baada ya risasi kunyamaza, na mwaka 2012 ndipo Uganda ilipotangaza kwamba imemaliza kusafisha maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu hayo.

Kuhusu uafisa wenyewe: nilikuwa afisa mteule, cheo kilicho juu ya sajenti lakini bado chini ya uafisa, nilipopendekezwa kwenda mafunzo ya kadeti, na nilipata kamisheni, yaani uafisa kamili, ya luteni wa pili mwaka 2001 nikiwa na miaka 41. Wengine darasani walikuwa na umri wa watoto wangu. Aliyenipendekeza hakuzungumzia stashahada wala vyeti. Alisema kwamba kikosi changu kinapopewa kazi huimaliza hata nisipokuwapo. Tafakari sana maneno hayo, maana jeshini fundi hodari hupatikana, ila fundi anayeweza kuwafanya watu thelathini wafanye kazi sawasawa usiku, kwenye mvua, bila kuonana uso kwa uso, huyo ndiye anayetafutwa awe afisa.

Nilistaafu mwaka 2010 nikiwa kapteni. Kama ningeingia nikiwa na miaka 20 pengine ningefika mbali zaidi. Kila cheo kina umri wake wa kustaafu, na hesabu hiyo haibembelezwi. Lakini kusema kwamba aliyechelewa hafiki kabisa, hilo si kweli.

Mwalimu_wa_Historia, Masindi

Namshukuru Mzee kwa maelezo yake, na ningependa kuongeza jambo kutoka upande wa historia, kwa sababu swali la nani anaruhusiwa kuwa afisa halikuanza leo hapa Uganda.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wa Afrika Mashariki, wakiwamo wale wa Batalioni ya 4 ya KAR (jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) kutoka Uganda, walipelekwa Burma. Mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw katika masika makali hadi Kalewa, na hapo juu ya mto Chindwin likajengwa daraja la Bailey, yaani la vipande vya chuma vya kuunganishwa, lenye urefu wa futi 1,154, ambalo wakati huo lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo duniani. Askari hao waliona kwa macho yao kwamba vita vinabebwa na barabara na vivuko, na wengi walirudi na ujuzi ambao hawakuwa nao walipoondoka. Hata hivyo, Mwafrika katika KAR hakupewa kamisheni, hata angekuwa na ujuzi wa namna gani. Kwa Uganda, wa kwanza kupata kamisheni walikuwa Idi Amin na Shaban Opolot, mwaka 1961, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru. Amin aliingia KAR mwaka 1946, akapitia vyeo vyote vya chini hadi kile cha effendi kilichobuniwa kwa ajili ya Waafrika, na alikuwa na miaka 15 jeshini alipofika hapo. Yaliyofuata katika maisha yake sote tunayajua na si mada yetu. Ninachosema ni kwamba kizuizi cha enzi hizo kilikuwa rangi ya ngozi, wala hakikuwa umri au ujuzi.

Nje ya Afrika ipo mifano ya wahandisi waliochelewa au walioanzia chini kabisa. Washington Roebling wa Marekani alikuwa mhandisi kamili, amehitimu na amekwisha kujenga daraja pamoja na baba yake, alipojiandikisha kama askari wa kawaida mwaka 1861. Alijenga madaraja ya kuning'inia kwa ajili ya jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na alipoondoka mwanzoni mwa mwaka 1865 alikuwa amepewa cheo cha heshima cha kanali. Ndiye baadaye aliyesimamia ujenzi wa daraja la Brooklyn lililofunguliwa mwaka 1883. Mwingine ni Edgeworth David, profesa wa jiolojia wa Sydney, aliyepewa cheo cha meja mwaka 1915 akiwa na miaka 57, akaenda Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza na kuwashauri wachimbaji wa mahandaki ya chini kwa chini kuhusu udongo na maji. Alianguka kisimani wakati wa kazi akavunjika mbavu, akarudi kazini, na vita vilipokwisha alikuwa luteni kanali.

Nawe una miaka 27 tu.

Dada_Kokoto, Kampala

Mwalimu, mifano yako imenifurahisha, ila naomba niipinge kidogo ili ndugu yetu wa Mbale asije akaitegemea. Roebling na profesa huyo waliishi katika vita vikubwa ambavyo vilimeza watu kila siku, na wakati kama huo milango hufunguliwa kwa yeyote mwenye ujuzi. Katika vita hivyohivyo vya profesa, Mwingereza William Hackett alikataliwa mara tatu na kikosi cha miguu kwa sababu ya umri, kisha wahandisi wakamchukua mwaka 1915 akiwa na miaka 42, kwa kuwa alikuwa mchimba migodi na walihitaji wachimba migodi. Alikufa chini ya ardhi mwaka uliofuata, baada ya kukataa kumwacha mwenzake aliyejeruhiwa, naye hakuwahi kupanda kutoka cheo cha chini kabisa. Uhitaji wa vita humwingiza mtu aliyechelewa, lakini haumpandishi cheo. Jeshi la wakati wa kawaida lina utaratibu wa umri, nafasi na bajeti, na huo ndio utakaokukabili.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Kyambogo. Niliingia kupitia kadeti na bado nipo kazini, kwa hiyo sitaeleza zaidi ya yale ambayo yamekwisha kutangazwa hadharani.

Kwa jinsi mambo yalivyo sasa, makuruta hufunzwa Kaweweta, makadeti hufunzwa katika Chuo cha Kijeshi cha Kabamba, na wahandisi wana chuo chao Lugazi. Kuruta mwenye stashahada anaweza, baada ya mafunzo ya msingi, kupelekwa kwenye kazi ya taaluma yake, na hapo ndipo atakapoonekana au kusahauliwa. Kadeti akimaliza Kabamba huvalishwa cheo cha luteni wa pili na Rais, ambaye kikatiba ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Wale wanaoingia moja kwa moja kama makadeti wa taaluma kwa kawaida huwa na shahada. Wewe una stashahada. Kwa hiyo, ukiacha maneno ya vijiweni, una njia mbili: uingie sasa kama kuruta na ujiendeleze kimasomo ukiwa ndani, au umalize shahada kwanza na ujaribu ukadeti, huku ukijua kwamba kila tangazo hutaja umri wa juu kwa kila kundi na kwamba miaka ya masomo itakusogeza karibu na ukingo huo.

Kwa maoni yangu, njia ya kwanza ni salama zaidi kwako. Shahada inaweza kupatikana ukiwa na mshahara. Umri ukipita haurudi.

Jambo jingine, na hili nalisisitiza: uandikishaji haulipiwi. Utahitaji barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na za ngazi zinazofuata hadi wilayani, kitambulisho cha taifa na vyeti vyako halisi, kisha utakimbizwa na kupimwa afya. Mtu yeyote akikuambia kwamba ana nafasi ya kuuza, hata akiwa amevaa sare, huyo ni tapeli. Nimeona familia zikiuza ng'ombe kwa ajili ya nafasi ambayo haikuwapo.

FundiBarabara, Mbale

Nawashukuru wote kwa dhati. Sikutarajia majibu ya kina namna hii.

Mzee, naomba kuuliza zaidi kuhusu jambo moja. Umesema ulibaki kwa sababu ya ufundi wako, lakini kati ya ukoplo na kamisheni ulikaa miaka mingi. Je, ni nini hasa kilichokuchelewesha: umri, elimu, au watu? Na Dada, ningependa kujua kama kazi ya wahandisi kwa sasa ni ya vita zaidi au ya ujenzi, kwani nasikia wahandisi wa jeshi ndio waliokarabati uwanja wa Namboole.

Dada_Kokoto, Kampala

Ni kweli kuhusu Namboole. Ukarabati wa uwanja wa Mandela ulifanywa na Brigedi ya Wahandisi ya UPDF, na mwaka 2025 uwanja huo ulitumika kwa mashindano ya soka ya Afrika ya CHAN. Wahandisi pia wamepewa majengo ya serikali katika wilaya mbalimbali. Kwa fundi kama wewe, kazi hizo zina faida ambayo watu hawaisemi: zina vipimo, ripoti, ukaguzi na tarehe za kukabidhi, kwa hiyo ubora wako unaonekana kwenye karatasi. Ukiwa na mpango wa kusajiliwa siku moja na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, weka kumbukumbu ya kila kazi tangu siku ya kwanza, maana bodi haina nia ya kusikiliza simulizi.

Lakini usidhani utakaa kwenye viwanja vya mpira. Tangu Novemba 2021, jeshi lilipoingia mashariki mwa Kongo katika operesheni ya Shujaa, matingatinga na greda yalihitajika sawa na magari ya deraya, kwa sababu katika misitu ile barabara ikigeuka tope hakuna chakula, hakuna mafuta na hakuna majeruhi anayefika hospitalini. Greda hilo huendeshwa huku mtu mwingine akichunga msitu. Ukipenda sehemu moja ya kazi na kuichukia nyingine, utateseka.

MzeeMhandisi, Gulu

Umeuliza swali la haki, nami nitalijibu bila kulizungusha.

Elimu ilinichelewesha zaidi ya umri. Niliingia bila cheti cha kidato cha sita, na nilipokuwa sajenti, kila orodha ya waliopendekezwa kwenda kadeti ilipotoka niliona majina ya vijana wenye vyeti, baadhi yao niliowafundisha mwenyewe kufunga fundo la kamba. Nilisoma usiku kambini, kwa taa ya chemli, nikafanya mtihani nikiwa mtu mzima miongoni mwa watoto wa shule. Stashahada uliyo nayo leo ingenipunguzia sehemu kubwa ya safari hiyo, kwa hiyo usikubali mtu akwambie haina thamani.

Watu pia walinichelewesha, sitaficha. Nilikuwa na mkuu mmoja ambaye aliona ni rahisi kunibakiza pale nilipo kwa sababu kazi zake zilikuwa zinakwenda vizuri. Afisa mpya angehitaji kuletwa na kufundishwa, sajenti mzee alikuwa tayari mkononi. Hilo ni jambo ambalo mafundi hodari hukutana nalo kila mahali, jeshini na uraiani. Dawa yake niliyoipata ni kumfundisha mtu wa kushika nafasi yangu. Siku koplo wangu alipoweza kusimamia ujenzi wa kivuko kizima bila kuniita, mkuu hakuwa tena na sababu ya kunizuia, na jina langu likapita.

Umri wenyewe ulinitesa mahali pamoja tu, nako ni mwilini. Magoti hayadanganyiki. Nilipopelekwa Mogadishu mwaka 2008, tulipokuwa tukishika uwanja wa ndege, bandari na makutano ya K4, kazi yetu kubwa ilikuwa kujaza viroba vya mchanga, kuimarisha ngome na kukagua barabara alfajiri kabla ya misafara kupita, maana mabomu yalitegwa usiku. Vijana walifanya kazi hiyo kwa nguvu, nami nikaifanya kwa kutazama: udongo uliochimbwa upya, taka iliyohamishwa, duka ambalo jana lilikuwa wazi na leo limefungwa bila sababu. Luteni wa miaka 24 hajapata bado jicho la namna hiyo. Kwa hiyo sisi tuliochelewa tuna kitu cha kutoa, almradi tusiwe na kinyongo cha kupokea amri kutoka kwa aliye mdogo. Na hapo ndipo nilipowaona wengi wa rika langu wakikwama. Hawakushindwa na mbio wala na mitihani; walishindwa kumwita kijana «afande» bila kununa.

Ukiamua kuingia, anza kukimbia asubuhi kuanzia wiki hii, maana mbio za kuchujia huwaondoa mafundi wengi kabla hawajaonyesha cheti hata kimoja. Chukua nakala za kazi zako zote kwa wakandarasi wako sasa, zikiwa na sahihi zao, kabla hawajahama wilaya. Kiswahili chako ni kizuri, nacho ndicho lugha ya kambini, kwa hiyo hapo umewatangulia wenzako wengi. Tangazo likitoka, nenda siku ya kwanza ya usaili wa wilaya yenu, usingoje ya mwisho, na ukiulizwa unajua nini, wajibu kwamba unajua kulaza kalavati ambalo halisombwi na maji, kisha uwaeleze ni mahali gani ulipolilaza ili waende wakaone.